Kijana aliyeshindwa maswali ya wazee wa kanisa



Katika kila usharika, kila parokia na kila mtaa yupo kijana ambaye watu wazima wamekwisha kumtolea hukumu. Hakufika mbali na shule. Pengine ada ilikosekana baba alipofariki, pengine mtihani ulimshinda, pengine alitakiwa kubaki nyumbani kuwalea wadogo zake. Sasa anasukuma mkokoteni, anauza viatu vya mtumba, anaosha magari au anashinda kijiweni. Jumapili anakuja ibadani na kukaa karibu na mlango. Hakuna anayemfukuza, lakini pia hakuna anayemwita mbele. Kwaya ina watu wake na kamati zina watu wake. Yeye, tunasema kimoyomoyo, atatusaidia nini?

Kama kijana huyo ni mwanao, ni mpwa wako, au ni wewe mwenyewe, leo nakualika tumtazame mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 120 iliyopita: Dwight Lyman Moody wa Marekani. Jina lake huenda umewahi kulisikia likitajwa na wahubiri. Wengi humjua kama mhubiri aliyejaza kumbi kubwa za London na New York. Mimi nataka umjue akiwa na miaka 17, hana cheti, hana kazi, na hajui Injili ya Yohana iko upande gani wa Biblia.

Mjane na watoto tisa

Dwight alizaliwa Februari 5, 1837 huko Northfield, kijiji cha wakulima katika jimbo la Massachusetts. Baba yake, Edwin, alikuwa fundi mwashi. Mei 1841 baba huyo alifariki ghafla akiwa na miaka 41 tu, Dwight akiwa na miaka minne. Mama yake, Betsey, aliachwa na watoto saba na mimba tumboni. Mwezi mmoja baadaye alijifungua mapacha, watoto wakawa tisa.

Wewe uliyewahi kuona msiba ukifuatwa na wadai unajua kilichotokea. Edwin aliacha madeni. Wadai walikuja wakachukua karibu kila kilichochukulika, hadi kuni zilizokuwa bandani. Inasimuliwa kwamba asubuhi za baridi mama aliwaambia watoto wabaki kitandani mpaka saa ya kwenda shule, kwa sababu hapakuwa na moto wa kuota, mpaka mjomba wao alipowaletea kuni.

Wapo waliomshauri mjane huyo awagawe watoto kwa watu wenye uwezo. Alikataa. Mchungaji wa kijiji, Oliver Everett, alimtia moyo asiitawanye familia, na hakuishia kwenye maneno, aliwasaidia kwa vitu na kuwaingiza watoto katika shule ya Jumapili. Baadaye wavulana walilazimika kwenda kufanya vibarua katika mashamba ya watu, lakini nyumba ya mama ilibaki moja.

Dwight alikuwa na miaka kama 10 kaka yake alipompeleka mji wa jirani, Greenfield, kufanya kazi kwa mtu ili apate chakula na malazi. Ilikuwa Novemba, baridi, na mtoto alilia njia nzima. Walipofika mjini walikutana na mzee mmoja ambaye alikuwa na desturi ya kumpa senti moja mpya kila mtoto mgeni aliyefika pale. Mzee alimwekea mkono kichwani, akamwambia habari za Mungu mwenye kumwangalia mtoto asiye na baba, akampa ile senti. Moody alizisimulia dakika hizo chache mpaka uzeeni.

Shule aliisoma kwa vipande, msimu wa baridi huku, msimu wa kilimo hayupo. Elimu yake yote haikuzidi ile ya mtoto wa darasa la tano. Barua zake za ujanani zimehifadhiwa, na ukizisoma utaona tahajia inayokwenda ovyo na sentensi zisizo na nukta. Hata alipokuwa mtu maarufu kuandika kulimpa taabu.

Masharti ya mjomba

Mwaka 1854, akiwa na miaka 17, Dwight alichoka na shamba. Aliondoka Northfield kwenda Boston kutafuta maisha, kama vijana wetu wanavyopanda basi kwenda Dar es Salaam au Nairobi. Boston alikuwa na wajomba wenye duka la viatu. Lakini kijana alikuwa na kiburi chake. Hakutaka kuomba, alitaka aombwe. Alizunguka mitaani siku kadhaa akibisha hodi hapa na pale, na kila mahali aliambiwa hakuna kazi. Mwisho kiburi kiliisha, akaenda kwa mjomba wake Samuel Holton.

Mjomba alimjua mpwa wake. Alijua kwamba akimwingiza dukani, siku ya tatu atataka kuwa bosi. Kwa hiyo alimpa kazi kwa masharti. Akae katika nyumba atakayochaguliwa na mjomba, asizurure usiku, ajiepushe na starehe ambazo mama yake asingezikubali, na kila Jumapili ahudhurie ibada na shule ya Jumapili katika kanisa la Mount Vernon. Dwight alikubali, na alilitimiza neno lake.

Mpendwa msomaji, usipite haraka hapo. Leo mjomba wa namna hiyo tunamwita mkali, mshamba, mtu wa zamani. Kumpa kijana chumba na kazi ni rahisi kuliko kumwekea utaratibu na kuusimamia. Samuel Holton alimpa mpwa wake kazi, kisha akamkabidhi pia kwa watu. Mwaka huohuo Dwight alijiunga na YMCA, chama cha vijana wa Kikristo tunachokifahamu hata hapa kwetu Dar es Salaam na Moshi. Huko alipata vitabu vya kusoma na vijana wenzake wa kukaa nao jioni. Mtoto wa mjane katika mji mkubwa hakuachwa peke yake.

Biblia ya mwalimu

Jumapili yake ya kwanza darasani, mwalimu aliwaambia wanafunzi wafungue Injili ya Yohana. Dwight alichukua Biblia, akaanza kuitafuta Injili hiyo kuanzia kurasa za Mwanzo. Vijana wengine, watoto wa mjini waliosoma, waliangaliana wakacheka chinichini. Mwalimu, jina lake Edward Kimball, aliona. Bila kusema neno alimpa Dwight Biblia yake mwenyewe, ikiwa imefunguliwa mahali panapotakiwa, naye akachukua ile ya kijana.

Angeweza kumwelekeza kwa sauti, mbele ya wote, na kijana angejifunza mahali ilipo Injili ya Yohana. Lakini huenda Jumapili iliyofuata asingerudi.

Kimball hakuwa mchungaji. Alikuwa mtu wa kawaida anayejitolea kufundisha darasa la Jumapili. Aprili 21, 1855 aliamua kwenda kumwona Dwight kazini ili amweleze juu ya nafsi yake na Kristo. Alipokaribia duka, aliingiwa na mashaka. Je, wafanyakazi wenzake watamcheka kijana? Je, huu ni wakati wa kazi, nitamharibia? Akiwa bado anawaza alijikuta amelipita duka. Akageuka, akaingia haraka kabla ujasiri haujamtoka. Alimkuta Dwight chumba cha nyuma akifunga viatu kwenye karatasi. Alimwekea mkono begani, akamwambia maneno machache juu ya upendo wa Kristo. Baadaye Kimball mwenyewe aliona kwamba alikuwa amesema kwa udhaifu sana. Lakini kijana alikuwa tayari. Siku hiyo, pale kati ya viatu, alimpa Kristo maisha yake.

Mwezi uliofuata Dwight aliomba kupokewa kuwa mshirika kamili wa kanisa. Wazee walimwita wakamhoji. Walimuuliza Kristo amemfanyia nini, yeye na watu wote, hata astahili kupendwa. Kijana alibabaika. Alijua kwamba kuna jambo limetokea ndani yake, lakini maneno ya kulieleza hakuwa nayo. Majibu yake yalikuwa mafupi na hayaeleweki. Wazee waliamua asipokewe kwa wakati huo.

Tunaweza kuwalaumu wazee hao, na wengi wamefanya hivyo. Lakini tuwatendee haki. Hawakumwambia aende zake. Waliteua watu wazima miongoni mwao wakae naye na kumfundisha misingi ya imani. Dwight naye hakususa. Aliendelea kuja na kujifunza, na mwaka 1856 alipokewa. Kijana aliyeambiwa bado hukumbuka siku hiyo maisha yote. Kitakachoamua kama atainuka au ataondoka ni kama neno hilo lilifuatwa na mtu wa kumshika mkono.

Wanafunzi kumi na wanane

Septemba 1856 Dwight alihamia Chicago, mji uliokuwa ukikua kwa kasi kama uyoga baada ya mvua. Aliuza viatu, na aliuza kwa ufundi. Lengo lake lilikuwa kukusanya dola 100,000, utajiri mkubwa kwa wakati ule.

Kanisani alikuta tatizo lake la zamani. Alipojaribu kusimama kusema katika mikutano ya maombi, wapo waliomdokeza kwamba angemtumikia Mungu vizuri zaidi kwa kunyamaza. Kiingereza chake kiliwakera. Fikiri kidogo: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Wengi wetu tungehama kanisa, au tungebaki huku tumenuna.

Yeye alitafuta kazi isiyohitaji Kiingereza kizuri. Siku hizo makanisa mengi yalikodisha mabenchi kwa familia. Dwight alikodi mabenchi manne kwa fedha zake. Kila Jumapili asubuhi alizunguka kwenye kona za mitaa, nyumba za wapangaji na hata kwenye vilabu vya pombe, akawakusanya vijana waliokuja mjini kutafuta kazi kama yeye, akayajaza mabenchi yale.

Kisha alikwenda kwenye shule ndogo ya Jumapili katika mtaa wa maskini, akaomba kufundisha. Msimamizi alimjibu kwamba walimu aliokuwa nao wanatosha, wanafunzi ndio wachache. Kama anataka darasa, alilete mwenyewe. Jumapili iliyofuata Dwight alitokea na watoto 18, wengi wao wakiwa matambara matupu na bila viatu. Msimamizi alishangaa. Dwight aliwakabidhi kwa walimu wengine, akarudi mtaani kutafuta wengine. Hakujiona ana uwezo wa kufundisha, ila kualika alikuweza.

Mwaka 1858 alianza shule yake ya Jumapili katika sehemu ya mji ambayo watu wenye heshima zao hawakuipita usiku. Mwanzoni alitumia kibanda kilichoachwa na muuza pombe. Mgeni mmoja aliyefika pale usiku alimkuta Dwight amempakata mtoto mweusi, anamsomea habari ya mwana mpotevu kwa mwanga wa mishumaa. Maneno mengi hakuweza kuyasoma, akawa anayaruka. Mgeni yule aliondoka akiwaza kwamba kama Mungu anaweza kumtumia mtu wa namna hii, basi hakuna asiyeweza kutumiwa.

Watoto walipozidi, shule ilihamia ukumbi ulio juu ya soko, North Market Hall. Jumamosi usiku ukumbi huo ulikuwa wa kucheza dansi na kunywa bia. Kwa hiyo Jumapili alfajiri Dwight, muuza viatu hodari mwenye suti nzuri, alikuwa pale na ufagio. Alisukuma mapipa ya bia nje, akazoa uchafu wa usiku, kisha akatoka kwenda kuwaamsha watoto nyumba kwa nyumba, mifukoni amejaza vipande vya sukari ya kuwagawia. Waliompita njiani walimwita Moody kichaa.

Mfanyabiashara mkubwa wa mji, John Farwell, alipokuja kutazama siku moja, alijikuta amechaguliwa papo hapo kuwa msimamizi wa shule. Watoto walifika mamia. Novemba 1860 Abraham Lincoln, akiwa amekwisha kuchaguliwa kuwa rais lakini bado hajaapishwa, aliitembelea shule hiyo ya watoto wa mtaa mbovu.

Unaona, msomaji wangu, jinsi kijana huyu alivyokua? Hakukaa akingoja asome kwanza ndipo atumike. Kutumika ndiko kulikokuwa shule yake. Mtoto aliyehitaji hadithi alimlazimisha ajifunze kusoma vizuri zaidi. Mamia ya watoto yalimlazimisha ajifunze kupanga mambo, kuomba fedha bila aibu na kusema kwa maneno mepesi ambayo mtoto anaelewa. Na maneno hayo mepesi ndiyo baadaye maelfu ya watu wazima walikuja kuyasikiliza.

Dola au watoto

Sasa tunafika kwenye uamuzi mgumu. Mwaka 1860 Dwight alikuwa na miaka 23. Biashara ilikuwa inamwendea vizuri, na tayari alikuwa na akiba ya maelfu ya dola. Aliipenda shule yake ya Jumapili, lakini moyo wake wa kazi ulikuwa bado dukani.

Mmoja wa walimu wake, aliyefundisha darasa la wasichana, alikuja kumwona akiwa amepauka. Mapafu yake yalikuwa yakivuja damu, na daktari alikuwa amemwambia aondoke Chicago, kwa maana kifo kilikuwa karibu. Kilichomliza hakikuwa kifo. Alilia kwa sababu katika darasa lake hakuna msichana hata mmoja aliyemjua Kristo. Dwight alilifahamu darasa hilo, wasichana wa utani na vicheko waliowahi kumshinda hata yeye. Akamwambia mwalimu watoke, wakamtembelee kila mmoja nyumbani kwake.

Alitafuta gari la farasi. Kwa siku kumi walizunguka, mwalimu akiwa dhaifu hata kutembea ni shida, akizungumza na kila msichana na kumwombea. Mmoja baada ya mwingine wasichana wale waligeuka. Usiku wa mwisho kabla mwalimu hajasafiri walikusanyika wote, wakaomba pamoja, wakalia pamoja. Siku ya pili walikutana tena kituo cha treni kumuaga.

Dwight alirudi dukani, lakini viatu havikuwa na ladha tena. Alipigana na nafsi yake kwa miezi kadhaa. Alisema baadaye kwamba lile lilikuwa pambano gumu kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Mwisho aliacha biashara, akaamua kutumika bila mshahara wowote uliopangwa. Alianza kulala kwenye mabenchi ya chumba cha YMCA na kula biskuti na jibini ili akiba yake isiishe upesi.

Sikuambii wewe uache kazi yako. Farwell hakuacha biashara, na fedha zake ndizo zilizosaidia huduma kusimama. Lakini kila mmoja wetu ana lile lengo la dola 100,000, liwe kiwanja, gari au cheo. Siku inakuja ambapo linasimama upande mmoja na mtu mwenye shida anasimama upande wa pili, nawe unaombwa uchague.

Hakuwa malaika

Mwaka 1862 alimwoa Emma Revell, aliyekuwa mwalimu katika shule yake ya Jumapili. Emma alikuwa na elimu na utulivu aliovikosa mumewe, na mara nyingi ndiye aliyemwandikia barua zake. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Moody alikataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri yake, lakini alikwenda kambini na kwenye medani za vita kuhudumia majeruhi na kuwaombea wanaokufa. Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza Chicago, ukaichukua nyumba yake na kanisa lake. Kati ya 1873 na 1875 alihubiri Uingereza, Uskoti na Ireland pamoja na mwimbaji Ira Sankey, na umati uliokuja uliwashangaza wote wawili. Pamoja na hayo yote hakuwahi kuwekwa wakfu kuwa mchungaji. Alibaki kuwa Bwana Moody.

Ingekuwa uongo kukuambia kwamba kijana huyo alikua bila dosari. Alikuwa na hasira za ghafla. Siku moja kati ya ibada mbili mtu alimtukana, naye akamsukuma hadi akateremka ngazi. Waliokuwepo walidhani ibada ya pili imeharibika. Moody alipanda jukwaani, na kabla ya jambo lingine lolote alikiri mbele ya watu wote kwamba ametenda vibaya, akaomba msamaha.

Lipo na jambo zito zaidi. Mwaka 1876 alipokwenda kuhubiri Augusta, katika jimbo la Georgia, wenyeji weupe walidai wakae mbali na weusi. Mwanzoni Moody alipinga, kisha akakubali, na mikutano yake ya kusini ikaendelea kutenganisha watu kwa rangi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akawa msemaji mkuu wa haki za watu weusi, alimlaumu waziwazi, na lawama ile ilikuwa ya haki. Mtu aliyempakata mtoto mweusi kwenye kibanda cha Chicago akiwa kijana asiyejulikana alishindwa kumtetea mtoto huyohuyo alipokuwa mtu mkubwa. Tujifunze hapo pia. Kijana hukua kwa kuchagua mema, lakini mtu mzima naye hupimwa upya, na umaarufu huongeza watu wa kuogopwa.

Senti inarudi

Sasa tazama alifanya nini na sifa aliyoipata. Vitabu vya nyimbo alivyotoa pamoja na Sankey viliuzwa kwa wingi mno. Wangeweza kutajirika kuliko lile lengo la ujanani. Walikubaliana wasichukue faida hiyo, ikakabidhiwa kwa wadhamini, ikajenga kanisa na shule.

Ndiyo, shule. Mtoto aliyenyimwa shule alirudi Northfield, kijiji cha mama yake. Siku moja akipita na mdogo wake kwa gari la farasi aliwaona mama na binti zake wakisuka kofia mlangoni kwa nyumba ya kimaskini. Baba wa nyumba alikuwa amepooza. Mabinti walikuwa na akili na hamu ya kusoma, lakini njia hapakuwa. Mwaka 1879 Moody alifungua shule ya wasichana wasio na uwezo, na mwaka 1881 akafungua ya wavulana, Mount Hermon, jirani na hapo. Ada iliwekwa chini, na kila mwanafunzi alifanya kazi za mikono, awe wa nani. Chicago nako alianzisha chuo cha kuwafundisha Biblia watu wa kawaida, kwa ajili ya wale ambao hawangepokewa na vyuo vya wachungaji.

Na yule Kimball? Miaka mingi baadaye Moody alikuwa akihubiri Worcester, Massachusetts, kijana mmoja akamwendea na kujitambulisha. Alikuwa mtoto wa mwalimu wake wa zamani. Moody alimuuliza umri wake, akaambiwa miaka 17, umri wake yeye mwenyewe alipofika Boston. Akamwekea mkono begani, akamwambia habari zilezile alizoambiwa na baba yake, na kijana akampokea Kristo.

Moody alifariki Northfield, Desemba 22, 1899, akiwa na miaka 62, baada ya kuugua katikati ya mikutano yake Kansas City. Alizikwa kwenye kilima karibu na nyumba alikozaliwa.

Neno kwako

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 4, wakuu wa Yerusalemu waliwatazama Petro na Yohana wakashangaa. Waliona kwamba watu hawa hawakupita shule zao, lakini pia walitambua kwamba walikuwa wamekaa na Yesu. Kanisa letu lilianzia hapo. Tukisahau, tutaanza kuipima mioyo ya watu kwa vyeti.

Kama wewe ni mzazi au mjomba, mpe kijana wako zaidi ya nauli. Mwekee masharti mema, umsimamie, na umkabidhi kwa watu wenye kumcha Mungu kwa majina na kwa namba za simu.

Kama wewe ni mzee wa kanisa au mwalimu wa kipaimara, hoji, maana ni kazi yako. Lakini kila unayemwambia bado, mpatie mtu wa kukaa naye kabla hajatoka mlangoni. Na ukiona mtoto anaitafuta Yohana kwenye Mwanzo, mpe Biblia yako.

Na kama wewe ndiwe kijana usiyesoma, usingoje. Ufagio wa kanisa upo. Wagonjwa wa mtaani kwako wapo. Watoto wanaocheza barabarani saa ya shule ya Jumapili wapo, na wewe unawajua kwa majina kuliko mchungaji. Anza na hao. Kusoma nako usikuache, maana Moody mwenyewe alijua alichokikosa, ndiyo maana alijenga shule. Lakini Mungu hatakuuliza kwanza cheti chako ndipo akutume.

Eee Bwana, utufundishe kuwaona unaowaona wewe. Amina.

Jumapili njema.